Njiti

Siku ya kwanza walikuwa watu sita na karai moja.
Ya tatu nilihesabu hadi mia, nikaacha,
maharagwe yalikuwa yanashika chini.

Shivachi ndiye aliyeleta neno.
Baba yake alichimba Ikolomani hadi kifua kikaziba,
kwa hivyo alipolamba lile jiwe, akatema, akanyamaza,
sote tulikisoma kimya chake kama barua.
Hakusema ni dhahabu. Nataka hilo liandikwe.
Alisema, "Ngojeni kwanza,"
na Nairobi haijui kungoja.

Kufikia Jumapili timbo la Njiru lilikuwa na mitaa.
Juu, kwenye vibanda vya magunia, wenye mashimo.
Chini, dimbwini, waoshaji.
Katikati mimi na jiko langu,
na fundi viatu aliyegeuka kunoa sururu.
Mtungi wa maji shilingi hamsini,
ule ule wa ishirini ukivuka barabara.
Karai langu nililikodisha kwa saa.
Nguo za watoto zikasubiri.

Nduku aliponda mawe juu ya kipande cha reli,
nyundo kaifunga mpini kwa mpira wa baiskeli,
mtoto mgongoni. Ko, ko, ko.
Mtoto alizoea kiasi kwamba
nyundo ikinyamaza ndipo analia.

Ong'era akaunda mizani: rula ya shule, uzi, visoda viwili.
Upande huu vumbi,
upande ule njiti ya kiberiti.
Njiti moja ni mia saba, alisema.
Nani kasema? Mnunuzi.
Mnunuzi yupi?
Anakuja.
Basi watu wakaanza kuhesabu maisha kwa njiti:
viatu, njiti mbili,
karo ya muhula, njiti arobaini,
mahari ya mtu fulani, hata sijui.
Na mimi, Mungu anisamehe,
nikaanza kuandika chai daftarini kwa robo ya njiti.

Usiku tochi za simu ziliwaka mashimoni
na ndege za Embakasi zikatupita juu, tumbo jeupe.
Kuna aliyeapa kwamba abiria wanatuona tukimeta.
Mwenye shimo alilala mdomoni mwake, miguu ndani,
asije mtu akachimba ndoto yake.

Ijumaa ukuta wa mashariki ulishuka.
Haukupiga kelele. Ulikohoa tu.
Tulimtoa Nzioki akiwa hai,
mguu umeelekea njia isiyo yake, ngumi imefumbwa.
Hospitalini nesi aliibembeleza ile ngumi kama mlango wa jirani.
Ilipofunguka akaona uchafu,
akauosha kwa sabuni, ukateremka na maji ya sinki:
njiti kumi na mbili, kwa hesabu ya Ong'era.

Mnunuzi alikuja kweli, Jumatatu,
kijana wa River Road, kola safi, kichupa cha asidi.
Tone moja. Jiwe likachemka, likafuka, likanuka yai viza.
"Dhahabu hainuki," akasema,
kwa upole, kama daktari.
Akanywa chai, akalipa taslimu,
peke yake katika wiki tatu nzima.

Kufikia jioni vibanda vilikuwa vimeng'olewa.
Karai lilirudi limetoboka.
Shivachi hakuaga; nilimwona akipita
na sururu begani, akitembea kando ya barabara
kama mtu aliyefiwa na asiye ndugu yake.

Ninalo daftari. Robo, robo, nusu na chapati,
kurasa kumi na moja za njiti.
Nimdai nani, na kwa fedha gani?

Juzi Nduku alikuja, akaweka mezani
kiberiti kipya, kizima, cha shilingi kumi.
"Hesabu," akasema. "Tumemalizana, na chenji ni yako."
Tulicheka hadi nikashika ukuta.
Kisha nikatoa njiti moja ya deni, nikawasha jiko,
nikambandikia chai.

Mtoto akaanza kulia mgongoni,
naye, bila kugeuka, macho kwenye moto,
akagonga meza kwa kifundo cha kidole:
ko, ko, ko.